Barua ya Kujieleza ya Rozina

Katika hospitali ya wilaya alikofanya kazi Rozina Komba kwa miaka kumi na minane, hakukuwa na mtu aliyejua kuandika barua ya kujieleza kama yeye. Watumishi wa serikali wanaijua barua hiyo na hawahitaji kufundishwa. Umechelewa kazini mara tatu, au dripu imekauka wewe ukiwa umesinzia, au dawa za wodi ya watoto zimeonekana dukani kwa shemeji yako; basi katibu wa hospitali anakuletea karatasi na kukupa siku saba ueleze kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu. Wengi wakiipokea karatasi hiyo hukimbilia kuomba radhi. Wajanja walikuwa wanakwenda moja kwa moja wodi namba tatu kumtafuta Sista Rozina.

Naye alikuwa na kanuni zake. Usikiri, usikatae. Usitaje jina la mtu, hata lako mwenyewe. Dripu haikuachwa na nesi. Dripu "ilibainika kuwa imekwisha". Anza kwa heshima, maliza kwa ahadi kwamba jambo hilo halitajirudia, na katikati jaza habari za upungufu wa watumishi, maana huo hakuna mkubwa anayeweza kuukana. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefukuzwa kazi kwa barua iliyotoka mikononi mwa Rozina. Manesi walimletea vitenge na kuku wa kienyeji, naye akapokea. Kwa nini asipokee? Nayasema haya mapema ili msomaji asije akamwonea huruma kabla ya wakati wake. Huyu mama alikuwa fundi, na ufundi wake ndio uliokuja kumtia matatani akiwa na miaka arobaini na tisa, Sydney, mbali na kila mtu aliyewahi kumwita Sista.

Alifika huko mwaka 2009 akimfuata mume aliyekuwa anasomea shahada ya pili. Mume akamaliza shahada, akapata kazi Brisbane, akapata na mtu wa kuishi naye Brisbane, na Rozina akabaki kwenye nyumba ya chumba kimoja ghorofa ya pili, Bankstown, juu ya duka la mikate ya Kilebanoni. Watoto hawakuwa nao. Vyeti vyake vya uuguzi vilipopelekwa kupimwa, jibu lilikuwa refu na la adabu, na maana yake ilikuwa kwamba havitoshi. Akaanza kazi ya msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee: kuogesha, kulisha, kubadili mashuka, kusukuma viti vya magurudumu hadi kwenye jua na kuvirudisha. Dawa hakuruhusiwa kugusa. Hata kwa panadoli aliitwa msichana wa miaka ishirini na nne, aliyehitimu juzi, aje aitoe.

Nyumbani Songea hawakuyajua hayo. Hakuwadanganya kwa mdomo. Alituma picha tu, mwezi wake wa kwanza kazini, amevaa sare ya bluu na saa ya kubandika kifuani, amesimama mbele ya jengo zuri la matofali. Mama yake akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, akawa anawaambia wageni kwamba binti yake ni nesi Australia, hospitali kubwa. Rozina alisikia, akanyamaza. Akanyamaza mwaka, akanyamaza miaka sita. Uongo wa namna hiyo hauna kazi ngumu. Wenyewe unajiendesha, wewe unachofanya ni kutoukatiza tu.

Ila ulikuwa na gharama yake. Watu wa kwao waliokutana Jumamosi kwenye bustani za Parramatta, na nyama zao na muziki wao, aliacha kwenda kuwaona, kwa kuwa swali la pili baada ya salamu lilikuwa ni hospitali gani. Misa ya Kiswahili aliingia akiwa amechelewa na kutoka kabla ya baraka ya mwisho. Ikafika mahali, kuanzia Ijumaa anapotoka kazini hadi Jumapili anapopiga simu Songea, alikuwa haisikii sauti yake mwenyewe. Upweke ulikuwa umemkaa, na alikuwa ameuzoea hadi akaanza kuuita amani.

Mwaka 2015 akapata nafasi. Chuo kimoja kule Parramatta kilikuwa na kozi ya miezi mitatu kwa manesi waliosomea nje: wiki sita darasani, wiki sita wodini, na ukimaliza unasajiliwa kuwa nesi kamili. Waombaji walikuwa mamia, viti ishirini. Sharti lilikuwa wazi na waliandikishwa sahihi: wiki za wodini huruhusiwi kukosa. Ukikosa, unaanza upya kozi inayofuata, mwakani, kama utapata kiti. Rozina alitia sahihi kwa furaha. Alikuwa hajawahi kukosa kazi hata alipokuwa na malaria.

Darasani hakuwa na shida. Kukokotoa dawa, kusikiliza mapafu, kusoma moyo kwenye karatasi, mambo hayo alikuwa anayafanya hao wenzake wengine wakiwa chekechea. Shida ilitoka mahali asipopategemea. Kabla ya kupelekwa wodini, kila mwanafunzi alitakiwa kuandika kurasa mbili juu ya tukio moja la kazini: nini kilitokea, wewe ulifikiri na kuhisi nini, na umejifunza nini cha kubadili. Tarehe ya mwisho, Ijumaa ya wiki ya sita. Asiyepita haendi wodini Jumatatu.

Wenzake walilalamika. Rozina alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu aingie kozini. Barua ya kujieleza! Hii aliijua akiwa amefumba macho. Akachagua tukio lisilo na madhara, mzee mmoja aliyeteleza bafuni siku ambayo yeye hakuwa hata zamuni, akaandika usiku mmoja. Sakafu ilibainika kuwa na maji. Hatua stahiki zilichukuliwa. Uhaba wa wasaidizi siku hiyo ulichangia. Jambo hilo halitajirudia. Akasoma tena, akaridhika, akaona angekuwepo katibu wa hospitali yule wa zamani angepiga muhuri papo hapo.

Mwalimu wao aliitwa Lorraine, mama wa miaka sitini mwenye nywele fupi nyeupe, ambaye kila siku alikula tufaha moja akiwa amesimama. Akairudisha karatasi Jumatatu ya wiki hiyo ya sita.

"Nimeisoma mara mbili," alimwambia. "Imeandikwa vizuri sana. Lakini wewe uko wapi humu?"

Rozina akaeleza kwamba yeye siku ile hakuwepo.

"Hata kama ungekuwepo, nadhani nisingekuona," alisema Lorraine, bila ubaya. "Sitaki ujitetee, Rozina. Hakuna anayekushitaki. Chagua jambo ambalo bado linakujia ukiwa kwenye treni unarudi nyumbani. Liandike hilo."

Rozina akachukua karatasi yake, akashukuru, akatoka akiwa amekasirika kiasi kwamba alipitiliza kituo chake. Nani amewahi kuona mtu anajichongea mwenyewe kwa maandishi, tena kwa watu wenye uwezo wa kumnyima leseni? Kwao karatasi iliyoandikwa "mimi nilikosea" inaingia kwenye faili, na faili halisahau. Aliona wazi kuwa huu ni mtego. Wazungu wana upole wao wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, alijiambia, na wewe unacheka huku unatiwa ndani.

Kesho yake kazini akamwuliza Zilpah. Zilpah alikuwa Mkenya, mtu wa Migori, nesi kamili mwenye leseni yake, na mtu pekee katika nyumba ile ya wazee ambaye Rozina aliongea naye Kiswahili. Ndiye pia aliyeijua siri ya picha.

"Wee Rozina, hiyo si affidavit ya korti!" Zilpah alicheka, mdomo umejaa sandwichi. "Mimi naandika hizo vitu kila mwaka. Lazima uonyeshe masaa ishirini ya kusoma, na kila kitu umesoma useme imekubadilisha aje. Bila hiyo, registration yako inakwisha."

"Kila mwaka?"

"Hadi ukistaafu, mama. Huku hakuna kumaliza shule. First time niliandika vile niliharibu wound dressing, bandeji ya kidonda ya mtu. Nilingoja wanifute kazi. Wapi! Manager akaniambia thank you."

"Sasa unachagua kosa gani?"

Zilpah akaacha kutafuna. "Ile unajua," alisema. "Usinidanganye ati huijui."

Rozina akasema mapumziko yamekwisha, akaenda kuosha mikono. Alilijua kosa lenyewe. Kwenye treni, kwenye foleni ya duka, hata akiwa anapiga mswaki, lilikuwa ni lile lile tangu Agosti ya mwaka uliotangulia.

Alikuwepo kwenye nyumba ile bibi mmoja aliyeitwa Doreen, miaka themanini na sita, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kila asubuhi Rozina alipomaliza kumvisha, walikuwa wanajaza pamoja fumbo la maneno gazetini, bibi akiuliza, Rozina akikosea, bibi akicheka na kumfundisha. Kiingereza kingi alichokitumia kufaulu mtihani wa lugha alikipata kwenye kitanda kile. Lakini si hilo. Bi Doreen alikuwa mtu wa kwanza Sydney kumwuliza kwao kukoje, kisha akangoja jibu. Rozina alimsimulia Songea yote: baridi ya Julai, mahindi ya kuchoma, mama yake na ukali wake, wodi namba tatu. Bibi alipojua kwamba huyu msaidizi alikuwa nesi, akaacha kumwita Rosie kama wengine. Akamwita Sister. Unaweza kuona ni kitu kidogo. Kwa Rozina kilikuwa sababu ya kuamka.

Agosti ile bibi akadhoofu. Jumatatu moja daktari akaandika kwamba dawa zote zisitishwe isipokuwa za kutuliza maumivu, na wafanyakazi wote wakasomewa taarifa. Kesho yake asubuhi Rozina alikuwa anamkanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, bibi amegeukia dirishani.

"Sister," aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa, "je, ninakufa?"

Rozina alijibu bila hata kufikiri. "Usiseme hivyo, mpenzi wangu. Utapona. Wiki ijayo utakuwa bustanini unaota jua."

Bi Doreen akageuka, akamtazama kwa muda. Kisha akasema, "Vizuri," na akaomba sweta yake ya kijani.

Jumatano mwanawe wa pekee akapiga simu kutoka Perth, upande wa pili wa nchi, kumwuliza kama aje mara moja. Bibi akamwambia asikimbilie, Sister amesema wiki ijayo atakuwa mzima. Mwana akakata tiketi ya Jumamosi. Bibi akafariki Ijumaa alfajiri, na mwana alipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Alikuwa mwanamume mkubwa, mkono kama koleo, machozi yanamtoka bila aibu. Alipoambiwa Rozina ndiye yule Sister, akamkumbatia pale koridoni na kumshukuru kwa kumpa mama yake matumaini. Akamwachia boksi la chokoleti. Rozina akaliweka kabatini nyuma ya unga wa ugali, hakulifungua, hakulitupa, na hakumwambia mtu isipokuwa Zilpah, siku moja, kwa maneno machache.

Jumatano ya wiki ya sita Rozina alikwenda maktaba ya Bankstown, akakaa kwenye meza ya pembeni, akaanza. Ilibainika kuwa mgonjwa, akaandika. Akafuta. Taarifa ilitolewa kwa mgonjwa kwamba. Akafuta. Mezani pale pale mzee wa Kivietnamu alikuwa anajifunza Kiingereza kwa kitabu cha watoto, anasogeza kidole chini ya kila neno na kutikisa midomo. Rozina akamtazama, akaona haya kidogo, akaandika: Nilimdanganya.

Mkono ukasimama. Akaangalia nyuma kama kuna mtu anasoma.

Kisha akajaribu kuandika kwa nini, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Jibu la kwanza lilikuwa la mila. Kwao mgonjwa haambiwi. Huambiwa ndugu, kando, nje ya wodi, na ndugu hurudi kitandani wakiwa wameshatengeneza nyuso. Nesi kusema "utapona tu" ni kama kusema habari za asubuhi; ukikosa kusema, watu wataona una roho mbaya. Hilo lilikuwa kweli na akaliandika. Lakini alipolisoma aliusikia ufundi wake wa zamani humo ndani, ule wa upungufu wa watumishi. Mila ilichangia. Mila ilibainika. Akajiuliza lile swali la Lorraine, wewe uko wapi humu, na safari hii hakukasirika.

Alikuwa wapi? Alikuwa nyuma ya mgongo wa bibi, na kitambaa mkononi, na aliogopa. Hakuogopa kwa niaba ya bibi. Bibi hakuwa na hofu, aliuliza kama anaulizia saa. Rozina aliogopa kwamba akisema ndiyo itabidi avute kiti, akae, na kuagana na mtu wa pekee anayemwita Sister, kisha apande treni kwenda kwenye nyumba ambayo hakuna wa kumweleza. Ule uongo haukuwa wa bibi. Ulikuwa wa kwake, alijipa mwenyewe, na mwana wa watu akaulipia.

Akaandika hivyo, kwa Kiingereza chake cha fumbo la maneno, sentensi fupi fupi. Alipofika mwisho akakumbuka wodi namba tatu, miaka kumi na minane, vitanda ishirini na vinne. Ni wangapi walimwuliza? Mwalimu yule wa Mbinga aliyeugua ini. Yule mama wa mapacha. Mzee wa reli. Akaanza kuwahesabu kwa vidole, akaacha, akafunika uso kwa mikono pale maktaba na kulia. Mzee wa Kivietnamu alimsogezea pakiti ya tishu bila kumtazama, akaendelea kusoma.

Ijumaa alikwenda kwa Lorraine amebeba bahasha yenye vyeti vyote na barua mbili za sifa, kwa ajili ya kujitetea. Lorraine alisoma mbele yake, polepole. Tufaha alilisahau mezani.

"Asante," alisema. "Jumatatu unaanza wodini."

"Hamnipi adhabu?"

"Ya nini? Hilo ulilolibeba mwaka mzima halitoshi?" Akaonyesha sehemu ya tatu, pale pa kusema utabadili nini. Rozina alikuwa ameandika maneno machache tu: kwamba akiulizwa tena atavuta kiti akae, amwulize mgonjwa kama anataka kujua, na asimkimbie. "Fupi," alisema Lorraine, "lakini ni ngumu. Manesi wengi hapa nchini bado hawajaiweza. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka."

Rozina alitoka pale mwepesi kama aliyetua ndoo. Wiki sita tu zilibaki. Kwenye treni akaiwaza ile simu ya Jumapili: baada ya wiki sita picha ile sebuleni kwa mama itakuwa kweli, na hakuna atakayejua kwamba kuna siku haikuwa.

Ila Jumapili, saa kumi jioni, Songea ikiwa saa tatu asubuhi, aliyepokea simu ya mama yake alikuwa tena Benjamin, kaka yake. Kwa miezi minne ilikuwa hivyo. Mama amelala. Mama yuko kanisani. Mama ana vidonda vya tumbo, anaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi, wewe soma.

"Anaendelea vizuri," alisema Benjamin. "Uji anakunywa."

"Uji peke yake?"

"Uji ni mzuri kwake kwa sasa."

Rozina alikuwa amesimama jikoni. Aliwahi kuisikia sauti ile mahali. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Uji tangu Machi. Kabla ya hapo alikuwa anashindwa kumeza ugali, wakasema jino. Akapunguka, wakasema funga ya Kwaresima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeling'amua, na yeye, nesi wa miaka kumi na minane, alikuwa ameambiwa mara kumi na sita na mara kumi na sita akashukuru na kukata simu.

"Kaka," alisema, "ni saratani ya koo, si ndiyo?"

Benjamin akaanza tena habari za uji.

"Kaka Benjamin. Ni koo?"

"Tulitaka umalize masomo," alisema Benjamin, na sauti yake ikapasuka. "Madaktari wametuambia tumrudishe nyumbani. Yeye hajui. Tafadhali, dada, usije ukamwambia. Tumemwambia ni vidonda."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa kibarazani, kwenye jua."

"Mpe simu."

Benjamin alibisha, akabembeleza, mwishowe ikasikika sauti ya mama kutoka mbali ikiuliza ni nani huyo unayenong'ona naye. Kisha simu ikakwaruza na mama akawa yupo, sauti imekuwa nyembamba, ila ukali bado.

"Rozina. Umekula?"

"Nimekula, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu kaka yako ananificha simu kama nadaiwa na benki. Sikiliza, kabla hajanipokonya. Wewe ni nesi. Hawa hapa kila mtu akiniona anacheka kwanza. Padre amekuja mara tatu wiki hii, na mimi si mlezi wa kwaya. Niambie wewe. Nitapona?"

Rozina akavuta kiti cha jikoni, akakaa. Lile neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, limeshajipanga lenyewe, tamu na jepesi.

"Mama, unataka nikuambie kweli?"

"Sasa nimekuuliza wewe kwa nini?"

"Hapana, mama. Hutapona."

Upande wa pili alisikika kuku, na redio ya jirani, na Benjamin akisema, "Yesu wangu." Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Rozina hakuujaza muda ule. Alikaa nao, kwenye kiti, mkono umeishika simu hadi vidole vikauma, na machozi yakimtoka aliyaacha yatoke.

"Ahsante," alisema mama mwishowe. "Miezi minne wananinywesha uji na uongo." Akapumua. "Si muda mrefu?"

"Si muda mrefu."

"Basi omba ruhusa hapo hospitalini kwako. Nesi mkubwa kama wewe hawawezi kukunyima."

Hapo Rozina angeweza kunyamaza. Alikuwa na miaka sita ya mazoezi, na ni nani angemlaumu, mama mgonjwa, mwache afe na fahari yake. Aliyaona yote hayo, na akaona pia ni nani hasa angekuwa anamlinda kwa kunyamaza.

"Mama, mimi huku sijawa nesi. Nafanya kazi ya kuogesha wazee. Ile picha ni sare ya kazi hiyo. Unesi nilikuwa bado nausomea. Zimebaki wiki sita, naanza kesho, nikikosa narudi mwanzo."

Mama akakohoa, kikohozi kirefu, na kilipokwisha Rozina hakujua kama kuna kicheko ndani yake au hakuna.

"Tumedanganyana sote basi," alisema. "Mimi najisifu kwa wageni, na wewe uko huko peke yako na jambo hilo. Miaka yote hiyo, mwanangu. Ungeniambia mimi ningekuaibisha?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui. Nilikuwa mkali." Akakohoa tena kidogo. "Ukirudi mwanzo, unapoteza nini?"

"Mwaka, mama. Mwaka mzima."

"Mwaka wewe unao," alisema mama. "Mimi sina."

Rozina akamwambia anakuja wiki hii hii. Mama akasema haya, kisha akamwita Benjamin aje achukue simu, maana mkono ulikuwa umechoka kuishika.